Mtoto anaporudi na harufu ya waya uliochomwa

Jua limeshazama upande wa mashamba ya mpunga, na Lumemo inanukia moshi wa kuni na dagaa wa kukaanga. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja anaingia uani, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ulikuwa wapi tangu saa tisa?"

Anafungua kiganja. Ndani kuna noti mbili za elfu moja, zimekunjwa zikawa ndogo kama pipi. "Tumeuza shaba, mama. Hii ndiyo sehemu yangu."

Mama anaziangalia noti, kisha anaviangalia vidole. Ni vyeusi mpaka ndani ya kucha, na shati la shule lililofuliwa juzi linanuka plastiki iliyoungua. Anataka kuuliza zaidi, lakini sukari imekwisha na daftari la hisabati linadaiwa tangu Jumatatu. Noti moja inakwenda dukani, nyingine inawekwa kwa ajili ya daftari. Mtoto anapewa sahani yake na anakula kwa mkono uleule.

Hii ni jioni ambayo nyumba nyingi za Ifakara zinaweza kuitambua. Hakuna aliyefanya uovu hapo. Mtoto hakuiba, hakuomba, na pesa yake ameileta nyumbani badala ya kuimalizia kwenye michezo. Wazazi wengi wangemsifu, na wangekuwa na haki. Shida iko kwenye vile vidole.

Shaba ile haikutoka mbali. Vifaa vya umeme vimeingia bonde la Kilombero kwa wingi ndani ya umri wa mtoto mmoja, na sasa vinakufa kwa wingi uleule. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam na baadaye mikoani, TV nyingi za chogo zilitaka king'amuzi ili ziendelee kuonyesha picha. Kisha TV bapa zikashuka bei, na ile ya chogo ikabaki kona ya uani, kuku wakipanda juu yake. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu feki nchi nzima, nazo zikaingia kwenye droo na mashimo ya taka. Ongeza chaja zilizokatika, sabufa zilizoungua, nyaya za pikipiki zilizobadilishwa, na betri za sola zilizowashia taa kule mashambani kwa miaka miwili mitatu kisha zikagoma.

Duniani kote, ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka hizi inasema mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62. Mtu mmoja wa Ulaya alitoa wastani wa zaidi ya kilo 17, na wa Afrika kilo 2.5. Kwa hiyo Mwafrika anatupa kidogo sana. Tofauti kubwa iko katika kinachofuata, maana Afrika ni chini ya asilimia moja tu ya taka hizo inayojulikana kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa. Zinazobaki zinamalizwa kwa nyundo, kwa moto na kwa mikono, mara nyingi mikono midogo.

Mwenye mizani hupita na baiskeli au toroli, akipaza sauti kutafuta vyuma chakavu. Hanunui plastiki, ananunua shaba. Waya ukiletwa na ganda lake, atapunguza bei. Kwa mtoto hesabu ni nyepesi: kiberiti kimoja, majani makavu kidogo, na ndani ya dakika kumi ganda limeisha. Kuumenya kwa kisu kungemchukua mchana mzima. Kumwita mtoto huyo mtundu ni kutomtendea haki. Ameipiga hesabu vizuri kuliko watu wazima wengi, ila kuna gharama moja ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Moshi ule mweusi ndio sehemu ya gharama hiyo inayoonekana. Ganda la nyaya nyingi ni plastiki yenye klorini, na inapoungua pamoja na shaba hutoa sumu zinazoitwa dioksini, ambazo zinahusishwa na saratani na kuvurugika kwa homoni na kinga ya mwili. Dioksini haziishii hewani. Hushuka kwenye majani na udongo, kuku wakadonoa, zikahifadhiwa kwenye mafuta ya mwili wao na kwenye mayai. Huko Agbogbloshie, jalala maarufu la Accra nchini Ghana ambako nyaya zilichomwa kwa miaka mingi kabla serikali haijalibomoa mwaka 2021, mashirika ya mazingira yalipima mayai ya kuku wa kienyeji na kutangaza matokeo mwaka 2019. Mtu mzima aliyekula yai moja tu alikuwa amevuka kiwango cha siku kilichowekwa Ulaya mara 220.

Lumemo si Agbogbloshie. Moto wa watoto watatu kando ya njia hauwezi kulinganishwa na jalala la jiji. Lakini kuku wa Lumemo nao wanatembea, na mahali panapochomewa waya mara moja mara nyingi ndipo panapochomewa tena Jumamosi inayofuata, kwa kuwa majivu yapo na watoto wamepazoea.

Hata hivyo, moshi una nafuu moja: unaonekana na unanuka. Mzazi anaweza kuukemea. Kinachotisha zaidi hakina harufu wala rangi ya kuogofya, nacho kimo ndani ya ile betri iliyolala uvunguni.

Betri ya gari, ya pikipiki na nyingi za sola zimejazwa risasi. Hii si risasi ya bunduki, ni madini yenyewe, laini na mazito, yanayoyeyuka hata kwenye moto wa mkaa uliopulizwa. Urahisi huo ndio mtego wake. Mtu anaweza kuipasua betri uani, akamwaga tindikali chini ya mgomba, akatoa sahani za ndani, akaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu na kutengeneza vizito vya nyavu. Ni ufundi, na mvuvi wa Mto Kilombero anahitaji vizito. Ila vumbi la sahani zile limeshaenea kwenye udongo, kwenye nguo za fundi na kwenye kanga ya mama aliyefagia baadaye. Na sufuria iliyoyeyushia risasi, hata ikisuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae, haifai tena kupikia chochote.

Kuna mahali ambapo mkasa huu ulifika mwisho wake, na ni vyema mzazi akaujua ulivyokwenda. Thiaroye-sur-Mer ni kitongoji cha Dakar, Senegal. Kwa miaka mingi wahunzi wa hapo walivunja betri za magari, na udongo ukajaa vipande vya risasi. Bei ya risasi ilipopanda duniani, kina mama wa kitongoji walianza kuchimba udongo ule, kuuchekecha kama wanavyochekecha unga, na kuuza kilichobaki kwenye chekeche. Wengine walibeba mifuko ya udongo mpaka nyumbani ili kazi ifanyike karibu na watoto. Ulezi mwema, kwa namna fulani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wa mtaa huo walifariki. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walipofika na kuwapima ndugu na mama zao, walikuta risasi imejaa kwenye damu.

Watoto wale hawakuwa wamefanya kazi yoyote ya betri. Walitambaa, walicheza chini, wakatia vidole mdomoni.

Karibu zaidi na nyumbani ni Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 mjini Mombasa. Hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mama mmoja aliyeajiriwa kiwandani, Phyllis Omido, alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mtoto akaugua homa zisizoisha. Magonjwa ya kawaida yalitafutwa kwanza, mpaka damu ilipopimwa risasi na jibu likapatikana. Omido akaacha kazi, akaanza kugonga milango ya majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati mkasa unaanza alikuwa kijana mkubwa kesi ilipofika huko.

Ugumu wa risasi kwa mzazi wa bonde la Kilombero uko hapo kwenye maneno "magonjwa ya kawaida". Dalili zake zimejificha ndani ya dalili ambazo kila mama anazijua: tumbo kuuma, kukosa choo, kukosa hamu ya kula, kupauka kwa upungufu wa damu, uchovu. Ikizidi sana huja degedege na kupoteza fahamu. Huku ambako Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950, inachunguza mbu na malaria, mtoto mwenye degedege na damu pungufu atadhaniwa kwanza ana malaria, na mara nyingi itakuwa kweli. Aende akapimwe haraka, bila kusubiri. Ila kipimo kikisema hana, na tatizo likirudi tena na tena, kuna sentensi moja ambayo mzazi anaweza kumwambia daktari na ambayo daktari hawezi kuikisia mwenyewe: "Nyumbani kwetu betri zinavunjwa," au "Huyu huchoma nyaya na wenzake." Kipimo cha risasi kwenye damu si cha kutoboa kidole na kusubiri robo saa kama cha malaria. Hakitafanyika kama hakuna aliyekitaja.

Na hizo ni dalili za sumu nyingi. Ikiwa kidogo, haina dalili kabisa. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba hata maikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu zinaweza kupunguza uwezo wa akili wa mtoto na kuleta matatizo ya tabia na kujifunza. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kusini mwa China, katika mji wa Guiyu uliojulikana kwa kuvunja kompyuta na simu za dunia nzima, watafiti waliwapima watoto 165 walio chini ya miaka sita na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Wastani ulikuwa maikrogramu 15.3. Mji jirani usio na kazi hiyo ulikuwa na 9.9, nao haukuwa mdogo. Watoto wale walikuwa wakicheka na kukimbia kama kawaida.

Kinachoonekana baadaye ni mtoto anayesahau, anayekasirika upesi, asiyetulia darasani. Mwalimu atamwita mzito. Baba atasema anafuata ukoo wa mama. Fimbo itatembea. Hakuna atakayekumbuka betri.

Kwa nini watoto zaidi? Kwanza ni mikono yao, ambayo hupita mdomoni mara nyingi kuliko ya mtu mzima. Pili ni tumbo: mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mwili huichukulia risasi kama kalisi na kuiweka kwenye mifupa na meno, na inaweza kukaa huko miaka mingi. Msichana aliyeivuta utotoni akija kuwa mjamzito, mifupa huiachia irudi kwenye damu, na kutoka hapo inamfikia mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asikae kabisa mahali betri zinapofunguliwa, hata kama ni kibaraza cha mume wake.

Chakula kinasaidia kwa kiasi. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi nyingi zaidi, kwa hiyo dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani kama mchicha na matembele vina kazi hapa, na vyote vinapatikana sokoni Ifakara. Havisafishi sumu iliyoingia. Vinaipunguzia nafasi ya kuingia, basi. Zipo pia imani za mitaani kwamba mafundi wa rangi na betri wakinywa maziwa wanakuwa salama. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayamlindi mtu anayevunja betri bila kinga.

Udongo nao haufanyi haraka. Reli ya TAZARA inayopita Ifakara inaishia Kapiri Mposhi, Zambia, na si mbali na kituo hicho cha mwisho kuna mji wa Kabwe, ulioishi kwa mgodi wa risasi kuanzia mwaka 1904. Mgodi ulifungwa mwaka 1994. Zaidi ya robo karne baadaye watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya mgodi kufungwa bado wanakutwa na risasi kwenye damu, kutokana na vumbi la uani kwao. Risasi haiozi, na mvua haiigeuzi kuwa kitu kingine, inaihamisha tu. Lumemo ina mto wenye jina hilohilo, unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa, na mkazi yeyote anajua masika unavyofanya ukifurika: unaingia ndani bila hodi, unabeba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya fulani na kukiacha kwenye bustani ya mwingine. Majivu ya nyaya na udongo uliomwagiwa maji ya betri husafiri kwa namna hiyo.

Betri ndogo za tochi na redio zina madhara madogo kuliko hizo, lakini zina historia ya kuchekesha kidogo. Wapo watu wazima wanaokumbuka kutumwa shuleni na betri zilizokwisha, zikapondwa, unga mweusi ukachanganywa na kupakwa kwenye ubao ili chaki ionekane vizuri. Ilikuwa kazi ya heshima, walipewa wanafunzi wenye nidhamu. Unga ule una manganizi, ambayo ikivutwa kwa wingi kama vumbi hudhuru ubongo. Leo hakuna sababu ya mtoto kuipasua betri, hata kwa ajili ya kuchezea. Nazo betri za simu zilizovimba zisitobolewe wala kutupwa motoni, zinalipuka.

Sasa mzazi afanye nini, na pesa ya daftari inahitajika?

La kwanza ni maji na sabuni, tena si kwa mtoto peke yake. Baba fundi anayerudi kutoka kibandani anamkumbatia mtoto akiwa na vumbi la siku nzima. Akivua nguo za kazi nje, akanawa mikono na uso kabla ya kumshika mtoto, amefanya jambo kubwa bila kutumia shilingi. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi. Uani na ndani ambako kazi hizi zimewahi kufanyika pasifagiliwe pakavu. Panyunyiziwe maji kwanza, au padekiwe, kwa sababu ufagio mkavu unalirusha vumbi juu na mtoto analivuta. Kucha zikatwe. Mchezo wa kula udongo, ambao baadhi ya watoto na wajawazito wanao, uwe na macho zaidi katika nyumba kama hizo.

La pili ni kutenganisha kazi na nyumba. Kumwambia fundi mwenye watoto wanne aache kazi ni maneno ya mtu mwenye mshahara. Kumwomba asiifanyie uani, mbali na kisima na jiko, ni jambo linalozungumzika, na mke anaweza kulisema kwa upole akasikilizwa, hasa akianza na habari ya mtoto.

La tatu linahusu biashara yenyewe. Waya haulazimiki kuchomwa. Katika biashara ya shaba duniani, shaba iliyomenywa na kung'aa huwekwa daraja la juu kuliko iliyoungua ikawa nyeusi, kwa sababu moto huila na kuichafua. Mtu mzima anayekusanya nyaya nyingi akizimenya kwa kisu, kisha akamuuliza mwenye mizani bei ya shaba safi, anaweza kukuta faida imeongezeka. Akimaliza anawe, kwani maganda mengine ya zamani yana risasi ndani yake. Kazi ya mtoto hapo isiwepo.

Na betri iuzwe nzima. Hapa ndipo penye ubishi, maana wanunuzi wengine huitaka iwe imemwagwa maji, ili wasilipie uzito wa tindikali. Maji yale si maji. Yana tindikali inayounguza ngozi na macho, na yamebeba risasi iliyoyeyuka. Yakimwagwa uani yanabaki uani.

Kwa upande wa serikali, Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zikatoka kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya uangalizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Anayekusanya na kusafirisha taka hizi anatakiwa awe na kibali. Kanuni ni nzuri zikisomwa. Tatizo ni kwamba kanuni hazipiti mtaani na toroli, na mwenye mizani anapita. Mpaka muuzaji wa betri mpya atakapokuwa anaipokea ile kuukuu na kumpunguzia mteja bei, kama inavyofanyika katika nchi nyingi, mzigo utabaki kwa mama mwenye nyumba. Jambo hilo linafaa kuulizwa kwenye mkutano wa mtaa, diwani akiwepo, na pia dukani pale betri mpya inaponunuliwa: "Ile ya zamani mnaipokea?" Duka likiulizwa na wateja kumi kwa mwezi litaanza kufikiri.

Yule mama wa Lumemo aliulizwa na mwanawe siku ya pili yake kwa nini amekatazwa kwenda na wenzake. Hakuwa na maneno ya dioksini wala maikrogramu. Alimwambia, "Ule moshi unaingia kichwani, unakula masomo." Mtoto akacheka. Kisha akauliza daftari la Kiswahili litanunuliwa na nini.

Ilikuwa swali la haki, na mama hakulikwepa. Uvunguni kulikuwa na betri ya sola ya marehemu baba mkwe, iliyokaa pale misimu miwili ya mpunga. Jumamosi mwenye mizani alipopita, akaitoa mwenyewe, ameifunga kwenye mfuko wa salfeti, imesimama wima.

"Kaka, betri hii unachukua kwa bei gani?"

"Imwage maji kwanza, mama, ndiyo tupime."

"Simwagi. Hapa wanacheza watoto."

"Basi nitakata kilo mbili."

"Mbili nyingi. Kata moja."

Wakabishana kidogo, kwa utani na kwa kukunja uso. Mwishowe akakata kilo moja na nusu, akahesabu pesa, akaifunga betri kwenye toroli kwa kamba ya mpira. Mama akamwita mwanawe, akampa kipande cha sabuni, na wote wawili wakanawa mikono penye pipa la maji kabla hajamkabidhi pesa ya daftari.